Timu Kabla ya Mtambo: Tuliyoyapitia Tukigeuza Hewa ya Ukaa Kuwa Matofali

Ninaandika maelezo haya kwa ajili ya wahandisi, wakemia na wafanyabiashara vijana ambao wamekuwa wakinitafuta wakitaka kujua jinsi watu wanne wasio na mtaji mkubwa walivyoanzisha, mjini Tanga, kampuni inayotumia hewa ya ukaa kukomaza matofali ya saruji. Wengi wao huuliza kuhusu mtambo: ukubwa wa chumba, aina ya feni, bei ya mitungi. Mimi huwauliza kuhusu watu: mko nani na nani, kila mmoja anajua nini, na ni yupi kati yenu mwenye ruhusa ya kusimama na kusema kwamba hesabu haikubali. Matatizo ya mtambo tuliyatatua kwa subira na kwa fedha kidogo tuliyokuwa nayo. Yale yaliyokaribia kuiua kampuni yalitokana na namna timu ilivyopangwa mwanzoni, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Tulianza wawili, mimi mhandisi wa kemikali na mwenzangu mkemia niliyesoma naye. Tulikuwa tumefuatilia kwa hamu habari za watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Etosha Cave na Kendra Kuhl, ambao mwaka 2015 walishirikiana na Nicholas Flanders, mtu aliyetokea upande wa biashara, wakaanzisha kampuni iliyoitwa Opus 12 na ambayo tangu 2021 inaitwa Twelve. Kampuni hiyo hutumia umeme kuvunja hewa ya ukaa na maji ndani ya mtambo wenye vichocheo vya metali, na gesi zinazopatikana huundwa kuwa mafuta ya ndege. Sisi tulivutiwa na kemia yake. Hatukutazama vya kutosha kwamba timu ile ilikuwa na mtu wa biashara tangu kuanzishwa kwake, wala kwamba ililelewa kwanza katika programu ya Cyclotron Road kwenye Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, ambako wanasayansi hupewa posho na vifaa ili walijaribu wazo lao kabla ya kulazimika kuuza chochote. Tuliiga ndoto ya watu wale bila kuangalia nguzo zilizoishikilia.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo tulizungumza habari za mafuta. Ningependa kila anayeanza afanye hesabu ya nishati kabla ya hesabu ya fedha. Hewa ya ukaa ni kama majivu: ni kaboni iliyokwisha kuungua, na ukitaka iwake tena ni lazima uirudishie nguvu yote iliyotoka, pamoja na ziada itakayopotea njiani. Ili kutengeneza kilo moja ya methanoli, alkoholi inayoweza kuchomwa kama mafuta, kwa njia hii unahitaji haidrojeni ambayo, kwa mitambo ya sasa ya kupasua maji, hula takriban uniti 9 za umeme, ilhali kilo hiyo ikichomwa hurudisha uniti 5.5 tu. Ndiyo sababu kiwanda cha methanoli cha Carbon Recycling International kilijengwa Svartsengi, Aisilandi, pembeni ya kituo cha umeme wa jotoardhi, na Twelve nayo ikachagua Moses Lake katika jimbo la Washington, eneo lenye umeme mwingi wa mabwawa. Sisi tulinunua umeme kwa bei anayonunua kila mtu. Mwenzangu alihuzunika sana tulipokubali kuiacha ndoto ya mafuta, na nilimwelewa, kwa sababu alikuwa ameutolea utafiti huo miaka ya ujana wake. Hata hivyo, uamuzi ule ndio uliotuwezesha kuanza kazi ya kweli.

Lipo kundi la bidhaa ambalo halidai kurudishiwa nguvu, nalo ni mawe. Kalisi iliyomo katika saruji au chokaa ikikutana na hewa ya ukaa penye unyevu wa kiasi hugeuka kuwa jiwe la chokaa, na badala ya kula nishati hutoa joto. Hewa iliyofungwa hivyo haitoki tena isipokuwa jiwe lichomwe kwenye tanuri au limwagiwe asidi. Hapo inatofautiana na matumizi mengine mengi: mbolea ya urea, ambayo ndiyo inayotumia hewa ya ukaa kwa wingi kuliko bidhaa nyingine yoyote duniani, takriban tani milioni 130 kwa mwaka, huirudisha hewa hiyo angani mara inapovunjika shambani. Tulitiwa moyo pia na matokeo ya mashindano ya Carbon XPRIZE, ya kugeuza hewa ya ukaa kuwa bidhaa, yaliyohitimishwa Aprili 2021, kwani timu mbili zilizoshinda, CarbonCure ya Kanada na CarbonBuilt iliyotoka Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, zote zilikuwa zinashughulika na zege. Tukaamua kufyatua matofali ya kawaida ya saruji na kuyakomaza kwa gesi, yaani kutumia gesi katika kile kipindi ambacho mafundi wetu humwagilia tofali maji mpaka lipate nguvu. Tulijizuia tangu mwanzo kugusa nguzo, mihimili na zege lolote lenye nondo. Zege likishanyonya hewa ya ukaa hupoteza ile hali ya alkali inayoilinda nondo, na kutu huanza. Mtu yeyote atakayewashauri mfanye vinginevyo kwa sababu soko la zege lenye nondo ni kubwa, mkataeni.

Chumba chetu cha kwanza kilikuwa kontena kuukuu tuliloziba kwa mpira na silikoni. Tuliingiza matofali yaliyotoka kufyatuliwa, tukafungulia gesi, tukasubiri. Njia ya kupima ni rahisi na kila kiwanja kinaweza kuimudu: unalivunja tofali, unanyunyizia fenofthaleini, dawa ya maabara inayogeuka waridi penye alkali, kwenye uso uliovunjika, na sehemu ambayo gesi haijafika hugeuka waridi iliyokoza, huku iliyofikiwa ikibaki na rangi yake. Matofali yetu yalikuwa waridi karibu yote. Gesi ilikuwa imeishia kwenye ganda la nje lisilozidi unene wa ukucha. Tuliongeza gesi, tukaongeza muda, tukaongeza tena gesi, na kwa wiki nyingi mitungi ilikuwa inaisha huku waridi ikibaki palepale.

Aliyetutoa hapo hakuwa mkemia. Alikuwa mzee mmoja anayefyatua matofali jirani na kiwanja chetu, fundi aliyeifanya kazi hiyo tangu enzi za kufyatua kwa mkono, ambaye alikuja siku moja kuazima toroli. Aliliinua tofali letu, akalikwaruza kwa kidole, kisha akaniambia, "Binti yangu, tofali hili limeshiba maji. Mtu aliyeshiba huwezi kumlisha." Nikamwuliza, "Sasa Mzee, nilikaushe?" Akajibu, "Liache livute pumzi kwanza. Lakini usiliache mpaka likauke kabisa, maana hapo litakuwa vumbi." Alikuwa amelieleza tatizo ambalo vitabu vyetu vililieleza kwa kurasa nyingi: vitundu vya tofali vikijaa maji gesi haipiti, na vikikauka kabisa badiliko halitokei, kwa kuwa hewa ya ukaa hulazimika kuyeyuka katika maji kidogo kabla ya kuungana na kalisi. Isitoshe, badiliko lenyewe huzalisha maji, na maji hayo yasipotolewa chumbani yanaziba vitundu upya. Kuanzia hapo tuliyaacha matofali kivulini yapungukiwe maji kabla ya kuyaingiza, tukaweka feni ya kuzungusha hewa na mfereji wa kutoa maji sakafuni, na tukawa tunapima uzito wa tofali badala ya kubahatisha. Kila tofali lilipopoteza kiasi fulani cha uzito wake wa maji, lilikuwa tayari.

Tulimwomba mzee huyo ajiunge nasi. Hapa ninataka kusema wazi jambo ambalo timu nyingi za wasomi hulikwepa. Mwanzoni tulimpa ujira wa siku, huku sisi wawili tukigawana hisa zote kwa sababu tu wazo lilikuwa letu na majina yetu yalikuwa kwenye karatasi za usajili. Mpango huo haukuwa wa haki, na pia haukuwa wa busara, kwa sababu mtu anayelipwa kwa siku hana sababu ya kukwambia jambo litakalosimamisha kazi siku hiyo. Tulipomfanya mwanahisa alianza kuyakataa matofali kabla hayajaingia chumbani, na hasara yetu ya matofali yaliyovunjika ikapungua kwa namna ambayo mtambo wowote wa bei ghali usingeweza.

Mtu wa nne alikuwa mhasibu, dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kikubwa na aliyezoea kufuatilia kila gunia linaloingia na kutoka. Tulimwita atusaidie kuandika maombi ya ruzuku. Baada ya kusoma maandishi yetu, ambayo yalijaa ahadi za kuokoa tabianchi, aliuliza maswali mawili: gesi hii mnaitoa wapi, na chokaa hii mnaitoa wapi. Ilichukua jioni kadhaa kuyajibu, na majibu yalituumiza.

Kuhusu gesi, tulikuwa tunanunua mitungi kutoka Dar es Salaam. Tulipofuatilia asili yake tulibaini kwamba ilitoka Rungwe, mkoani Mbeya, ambako hewa ya ukaa huvunwa kutoka ardhini penye volkano za zamani. Ni gesi safi na ina matumizi mengi halali, kuanzia vinywaji mpaka kuchomelea vyuma, lakini haikuwa moshi wa kiwanda chochote. Tulikuwa tunaitoa chini ya ardhi, tunaisafirisha zaidi ya kilometa elfu moja kwa lori la dizeli, kisha tunaifungia ndani ya tofali na kujisifu kwamba tumepunguza hewa chafu. Kuhusu chokaa, mkemia wetu alikuwa amependekeza tuiongeze katika mchanganyiko ili tofali linyonye gesi zaidi, na kwa vipimo vya maabara wazo lilikuwa zuri. Lakini tani moja ya jiwe safi la chokaa ikichomwa tanurini hutoa kilo 440 za hewa ya ukaa na kubakiza kilo 560 za chokaa. Chokaa hiyo, hata ikinyonya mpaka mwisho wa uwezo wake, inarudisha kilo zilezile 440, na moshi wa kuni au makaa yaliyochoma jiwe hilo unabaki angani bila mwenyewe.

Mhasibu aliweka hesabu mezani kwa lugha ya kiwanja cha matofali, na ninairudia hapa kwa sababu kila timu inapaswa kuifanya kwa takwimu zake yenyewe. Tuseme mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa matofali 40. Basi matofali 1,000 yanahitaji mifuko 25, yaani kilo 1,250 za saruji. Tuseme gesi inayofungwa ni asilimia 12 ya uzito wa saruji: hizo ni kilo 150. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo lita 56 tu za mafuta ya lori zinaifuta faida yote. Sasa tuseme tofali lililokomazwa kwa gesi linapata nguvu ya kutosha kuturuhusu kupunguza saruji kwa moja ya tano. Tumeokoa mifuko 5, na kwa kuwa utengenezaji wa saruji duniani hutoa wastani wa kilo 600 hivi za hewa ya ukaa kwa kila tani, tumezuia kilo nyingine 150 bila kuendesha lori, na juu yake tumebaki na fedha ya mifuko mitano mfukoni.

Ukurasa ule mmoja uligeuza mwelekeo wa kampuni. Hatukuwa tena watu wanaotafuta kuingiza gesi nyingi iwezekanavyo ndani ya tofali. Tukawa watu wanaotafuta kupunguza saruji kwa msaada wa gesi iliyo karibu. Mkemia alilipokea jambo hilo kwa uchungu na kwa muda hawakuzungumza vizuri na mhasibu. Mimi nilijikuta nikibeba maneno kutoka meza hii kwenda ile, kazi ambayo hakuna aliyenifundisha chuoni. Ushauri wangu kwa timu zinazoanza ni kumwingiza mtu wa hesabu kabla ya kununua kifaa cha kwanza, na kumpa mamlaka ya kuuliza asili ya kila kitu kinachopita getini. Akija baadaye, kila swali lake litasikika kama shutuma.

Kulikuwa na swali jingine ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza mapema, nalo ni usalama. Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu, na ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini. Watu wa Goma na vitongoji vyake wanayajua mazuku, mabonde madogo ambamo gesi hii hutoka ardhini na kuua mifugo na watoto wanaopita. Nchini Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitema wingu la gesi hiyo na watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja. Tuliyajua hayo yote kama habari za mbali, mpaka kijana wetu mmoja alipoingia kontenani kuokota kipimajoto kilichoanguka, akainama, na hakuinuka. Alivutwa nje na fundi mzee, ambaye kwa bahati alikuwa mlangoni, naye akazinduka. Usiku ule sikulala, na kesho yake tulisimamisha kazi.

Hatukurudi kazini mpaka tulipokuwa na kipima gesi kilichofungwa chini karibu na sakafu, si juu ukutani. Feni ya kutoa hewa ambayo swichi yake iko nje. Na utaratibu kwamba hakuna anayeingia peke yake wala anayeingia kuokoa bila mwenzake kushika kamba. Kiwango kinachokubalika kwa saa nane za kazi ni nusu ya asilimia moja ya hewa, na ikifika asilimia 10 mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Kipima gesi kilitugharimu zaidi ya kontena lenyewe. Kama fedha yenu haitoshi kukinunua, basi haitoshi kuanza.

Kuhusu fedha kwa jumla, nitakuwa mkweli. Tulianza kwa akiba zetu, mkopo wa ndugu na ruzuku ndogo, na sehemu kubwa ya fedha ya mwaka wa kwanza haikwenda kwenye sayansi. Ilikwenda kwenye amana za mitungi, kodi ya kiwanja, usafiri wa sampuli na ada za vipimo. Kulikuwa na kipindi kirefu ambacho sisi waanzilishi hatukujilipa chochote. Mimi nilifundisha masomo ya jioni na mume wangu alilipa karo ya watoto peke yake. Jambo hilo lilinipa aibu ambayo sikuitarajia. Ninawashauri wenye familia wakae na wenza wao kabla ya kuanza, wakubaliane kwa maneno wazi ni muda gani nyumba inaweza kuendeshwa bila mshahara wa mmoja, na muda huo ukifika mazungumzo yafanyike upya.

Hisa nazo ziandikwe mapema na mwanasheria, na zipatikane kidogo kidogo kwa kadiri ya miaka ya kazi, ili anayeondoka mapema asiondoke na nusu ya kampuni. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, pia ina mtego wake. Katika nchi nyingi, uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani huhesabiwa kuwa si mpya tena, kwa hiyo mada kwenye kongamano au bango kwenye maonyesho, kabla ombi halijawasilishwa, inaweza kuwanyima haki hiyo moja kwa moja. Sisi tuliponea chupuchupu kwa sababu mkemia alikuwa ameonyesha matokeo bila kueleza mchanganyiko.

Vipimo vya nguvu vinastahili maneno zaidi, kwa kuwa hapo ndipo kampuni changa hujidanganya kwa urahisi. Tofali la gesi hupata nguvu mapema sana. Ukililinganisha siku ya kwanza na tofali lililomwagiliwa maji, tofauti inashangaza, na picha ya matokeo hayo humfurahisha kila mfadhili. Lakini tofali la maji linaendelea kukomaa, na ifikapo siku ya 28, ambayo ndiyo siku wajenzi wanayoitazama, pengo limekuwa dogo kwa kiasi kikubwa. Kila kundi la matofali ya gesi lilipaswa kuwa na kundi la maji lililofyatuliwa kutoka mchanganyiko uleule, siku ileile, kwa mikono ileile, na matokeo yote mawili yaandikwe hata yale yasiyopendeza. Tulipoanza kuwaonyesha wafadhili namba za siku ya 28, mmoja aliondoka. Waliobaki walikuwa wanajua wanachokinunua, na hatujawahi kulazimika kurudi kwao kubadilisha kauli.

Nguvu ile ya mapema, hata hivyo, ndiyo iliyotupatia wateja. Kwa muda mrefu tuliwauzia watu habari za tabianchi na walitusikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kununua tofali la bei nafuu barabarani. Fundi mzee ndiye aliyetufahamisha kwamba mjenzi wa Tanga analipia mambo mawili: tofali lisilovunjika kwenye lori, na tofali analoweza kulichukua kesho. Kwa kukomaza kwa gesi tuliweza kumpatia yote mawili, na kiwanja kidogo kikatosha kwa sababu matofali hayakukaa wiki nzima yakingoja. Habari ya hewa ya ukaa tunaendelea kuieleza kwa kila anayeuliza, kwa namba zetu halisi, lakini haimo katika bei.

Zilikuja pia ahadi za mikopo ya kaboni, yaani vyeti vinavyouzwa kwa kila tani ya hewa ya ukaa iliyopunguzwa. Kwa hesabu ile ya kilo 150 kwa matofali 1,000, tani moja inahitaji matofali karibu 6,700, na ada ya wakaguzi wa kimataifa haipungui kwa sababu wewe ni mdogo. Tuliacha, na sijutii.

Chanzo cha gesi tulichonacho sasa ni tanuri la chokaa lililo karibu na kiwanja chetu kipya. Mazungumzo yalichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu mwenye tanuri aliogopa kwamba tukianza kuupima moshi wake tutamletea matatizo. Hofu yake ilikuwa na msingi na tuliiheshimu: mkataba unasema kwamba vipimo vya moshi ni mali yake na havitoki bila idhini yake. Gesi anatupa bure, nasi tunanunua kwa bei iliyokubaliwa vumbi la chokaa ambalo alikuwa analitupa, tukilitumia kufidia sehemu ya saruji. Kwa kuwa vumbi hilo lilikuwa taka, na gesi ilikuwa inaelekea angani, mhasibu ameridhia kwamba hesabu inakubali, kwa sharti kwamba tuseme tunapunguza utoaji na tusidai kwamba tunaondoa chochote angani.

Gesi ya tanuri si sawa na ya mtungi. Imechanganyika na nitrojeni nyingi, ni ya moto, ina vumbi, na tanuri likikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu kali zaidi, kwa hiyo tumelazimika kuongeza kipima cha pili cha gesi hiyo na mtambo wa kupoza na kuchuja. Ukomazaji huchukua muda mrefu zaidi. Tanuri huwashwa na kuzimwa kwa zamu, na sisi hufyatua kwa ratiba yake. Fundi mzee na msimamizi wa tanuri hupanga wiki nzima kwa simu moja ya Jumapili jioni. Uamuzi wa mahali ulikuwa muhimu kuliko tulivyodhani. Matofali ni mazito kuliko gesi kwa mbali sana, na kuyapeleka mbali kuifuata gesi kungeteketeza dizeli kuliko mitungi ilivyofanya, kwa hiyo kiwanja kinapaswa kuwa karibu na moshi na karibu na wajenzi kwa pamoja. Miji yenye sifa zote mbili si mingi, na anayetaka kuanza atafute kwanza mji kabla ya kutafuta mtambo.

Mkemia wetu aliondoka mwaka jana kwenda kusoma zaidi, akirudi kwenye utafiti wa mafuta alioupenda tangu mwanzo, na tuliagana kwa amani. Hisa zake alizozichuma kwa miaka ya kazi ni zake. Nafasi yake hatujaijaza. Tunatafuta mtu anayejua kupima gesi zilizochanganyika na kutunza vifaa vya vipimo katika joto na chumvi ya hewa ya pwani, na ambaye yuko tayari kukaa mwezi wa kwanza mzima kiwanjani akifyatua matofali na Mzee kabla ya kufungua kompyuta yake.